Skrini kubwa isiyosikia

Katika tamasha kubwa la muziki siku hizi, liwe la Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, kinachompokea mtazamaji kabla ya msanii ni ukuta wa taa za LED uliosimamishwa nyuma ya jukwaa. Unawaka dhahabu na zambarau, mioto inapasuka, jina la msanii linazunguka kwa herufi za chuma, na umati unapiga mayowe hata ngoma haijalia. Kisha msanii anaingia. Akishaimba nyimbo mbili tatu anafanya lile ambalo wasanii wazuri hulifanya: anawasoma watu. Anaona wanataka kiitikio kirudiwe, anakirudia. Anawaashiria wapigaji washushe, gitaa linanyamaza, ngoma inanyamaza, na ukumbi mzima unaimba peke yake. Nyuma yake ukuta hauna habari. Mioto inapasuka pale pale ilipopangwa kupasuka, maana video ilimalizwa studio siku nyingi kabla, na aliyeketi kwenye mitambo alipewa kazi moja tu ya kubonyeza kitufe cha kuanzia.

Naliona hilo kuwa hasara kubwa, na sielewi kwa nini tumelinyamazia. Kwa upande wa sauti tumekuwa wakali, tena kwa haki. Msanii akipanda jukwaani akaimba juu ya CD atasemwa redioni, magazetini na vijiweni mpaka ajute. Mtu aliyetoa kiingilio anajua amelipia sauti inayotoka kooni usiku ule. Lakini pleibeki ya picha haimuudhi mtu. Tunaiona kama pambo, na pambo likishang'aa tumeridhika. Nataka kutetea hapa kwamba picha nayo inaweza kuwa ala, ikashikwa na mikono ya mtu mbele za watu, ikasikiliza na kujibu. Kwamba zana za kufanya hivyo zipo na nyingi ni za bure. Na kwamba sisi wa Afrika Mashariki tunayo hadhira iliyozoea zamani kuipima kazi ya namna hiyo.

Mfano ninaouthamini kuliko yote umetoka kwa wanamuziki na waandishi wa programu walioanza kukutana Ulaya mwanzoni mwa karne hii. Februari 2004, katika jiji la Hamburg, Ujerumani, waliunda umoja walioupa jina la TOPLAP na kujiwekea sharti lililowashangaza wengi: kila anayetumbuiza kwa kompyuta awaonyeshe watu skrini yake. Wakati ule maonyesho ya muziki wa kompyuta yalikuwa na ugonjwa unaofahamika. Mtu anakaa nyuma ya laptopu, uso umemulikwa kwa mwanga wa buluu, na hakuna ukumbini anayejua kama anatunga muziki au anajibu barua pepe. Wao wakasema kazi ionekane. Muziki uandikwe ukumbini kwa maandishi ya programu, mstari kwa mstari, maandishi yenyewe yakimulikwa ukutani, na kila badiliko lisikike papo hapo bila sauti kukatika.

Mwaka 2012, London, likafanyika dansi la kwanza la mtindo huo chini ya jina la algorave, jina walilolibuni Alex McLean na Nick Collins, na tangu hapo madansi hayo yameenea katika miji mingi ya Ulaya, Amerika na Asia. McLean ndiye pia aliyetengeneza TidalCycles, lugha ya kuandikia midundo. Mtunzi anayeitumia haandiki noti moja moja. Anaandika mpangilio mfupi unaojirudia ndani ya mzunguko, kisha anauamuru ugeuke nyuma kila mzunguko wa tatu, au mapigo matatu yalale juu ya mawili, au kipande kimoja kichelewe robo ya mzunguko. Aliyewahi kumtazama bibi wa Pemba akisuka ukili wa mkeka ataelewa upesi kuliko mhitimu wa chuo: miyaa michache ya rangi, kanuni ya kupita juu na chini, na ua linajitokeza ambalo halikuchorwa mahali popote. McLean mwenyewe aliliona hilo. Alishirikiana kwa miaka na watafiti wa ufumaji wa kale katika mradi uliopewa jina la Penelope, kwenye jumba la makumbusho la Deutsches Museum mjini Munich, wakiuchunguza ufumaji kama hesabu ya kale iliyofanywa kwa vidole.

Upande wa picha kuna Hydra, programu aliyoitengeneza Olivia Jack, msanii aliyeishi na kufanya kazi Bogotá, Colombia. Nitaieleza kwa karibu kidogo, kwa sababu ukiona inavyotumika hoja zangu nyingine zote zinakuwa nyepesi kueleweka.

Mtu anafungua kivinjari cha kawaida cha intaneti. Ukuta ni mweusi. Anaandika neno osc, anaweka namba 10 kwenye mabano, anaongeza amri ya kutoa picha nje, anabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, na mistari ya wima yenye weupe na weusi inaanza kutiririka kwenye ukuta mzima, nyuma ya maandishi. Anaifuta ile 10 na kuandika 60. Mistari inakonda na kujaa. Anaongeza kaleid na namba 5; mistari inajikunja, inakuwa nyota ya pembe tano inayopumua. Sasa analeta chanzo cha pili, noise, ukungu usio na umbo, lakini hauonyeshi. Anauamuru uisukume ile nyota kutoka ndani, na kingo zake zinaanza kuyeyuka. Anaongeza namba ndogo mno, pengine 0.1, anaona haitoshi, anaandika 0.4, nyota inavunjika kabisa, anarudi 0.25. Mwisho anairudisha picha ndani yake yenyewe, kile kilichotoka punde kiingie tena kama malighafi, na mkia mrefu wa rangi unabaki kila kitu kinapopita.

Hiyo 0.4 iliyovunja nyota, na ile 0.25 iliyoiokoa, ndiyo onyesho. Watu wameona mtu akijaribu, akikosea kipimo, akirekebisha. Wameona maandishi kwanza na matokeo baadaye, kwa hiyo baada ya muda mfupi hata asiyejua programu hata moja anaanza kubashiri: namba ile ikipanda, rangi zitakimbia. Akibashiri sawa anafurahi, na asipobashiri sawa anafurahi zaidi. Tayari amekuwa mshiriki. Video iliyopikwa studio, hata iwe nzuri kiasi gani, haina mahali pa kumpa mtazamaji nafasi hiyo, maana kila lililokuwa la kuamuliwa liliamuliwa pasipo yeye.

Halafu kuna suala la kusikia. Programu ya picha husikia kupitia maikrofoni au waya unaotoka kwenye meza ya sauti. Kompyuta hupima wimbi la sauti mara 44,100 kwa sekunde, ikachukua fungu dogo la vipimo, tuseme 1,024, yaani sauti ya milisekunde 23 hivi, na kulichambua kutoka besi hadi sauti za juu kabisa. Inabaki na namba chache: besi ina nguvu kiasi hiki, sauti za kati kiasi hiki, za juu kiasi hiki. Kuanzia hapo mashine imemaliza kazi yake na ya msanii imeanza, kwa sababu lazima aamue namba ipi isukume kitu gani. Wavivu huifunga besi kwenye ukubwa wa umbo, na usiku kucha tunatazama duara likivimba na kunywea kila ngoma inapopigwa. Mimi hizo zinanichosha baada ya wimbo mmoja. Mwenye ujuzi huacha ngoma ipite bila kujibiwa, huisubiri pumzi ya mwimbaji kabla ya mstari, au huufanya ukimya uwe tukio: sauti ikishuka chini ya kiwango fulani ndipo picha inafunguka. Kwa mtu wa namna hii, pale ukumbi ulipoimba peke yake pangekuwa mahali pa kuonyesha kazi yake nzuri kuliko zote.

Ugumu mkubwa ni kuchelewa. Projekta inayoonyesha picha 60 kwa sekunde huishikilia kila picha kwa takriban milisekunde 17. Kompyuta nayo inataka muda wake, kamera ikiwepo inataka wake, na mtambo unaoendesha ukuta wa LED hauko nyuma. Ukijumlisha, picha inaweza kuchelewa kuliko ngoma kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Inaonekana ni kidogo, lakini macho na masikio ya binadamu yana upendeleo wa ajabu. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, katika mapendekezo yake kuhusu televisheni, linaeleza kwamba sauti ikiitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi watazamaji huanza kugundua, ilhali ikichelewa nyuma ya picha wanaweza kuvumilia mpaka karibu milisekunde 125 kabla ya kugundua lolote. Ulimwengu ndio uliotufundisha hivyo: mwanga hufika mara moja, sauti hutumia kama milisekunde 3 kwa kila mita. Tumezoea kumwona mpasua kuni kabla ya kusikia shoka.

Kwa hiyo picha inayochelewa inakosea upande ule ambao akili zetu hazisamehe. Walioko mbele kabisa, waliolipa tiketi ya VIP, ndio wanaoona picha inayokimbizana na ngoma. Aliye mita 34 kutoka kwenye spika ngoma inamfikia imechelewa sehemu ya kumi ya sekunde, na kama picha nayo imechelewa kiasi hicho, basi yule aliyesimama nyuma karibu na wauza maji ndiye anayeona viwili hivyo vikikutana barabara. Fundi mzuri wa picha anayajua haya. Anapunguza vifaa njiani, anachagua mafungu madogo ya sauti, na mahali anaposhindwa na fizikia anaachana na mapigo makali na kuifanya picha iende na mambo ya polepole, kama kupanda kwa wimbo au mabadiliko ya ufunguo, ambapo sehemu ya kumi ya sekunde haimuumizi mtu.

Waandaaji wa matamasha wana hofu moja wanayoirudia kila ukiwauliza: mambo yakiharibika je? Yataharibika, mara nyingine. Miongoni mwa maonyesho ya mwanzo kabisa ya kuandika programu mbele ya watu ni la Ron Kuivila, mwaka 1985 katika kituo cha STEIM mjini Amsterdam, na linasimuliwa hadi leo kwamba mtambo ulianguka kabla ya mwisho. Kwenye algorave, mtu akikosea herufi na sauti ikakatika, ukumbi hupiga makofi. Watu hawafurahii kuanguka kwake. Wamethibitishiwa kuwa alikuwa anatembea juu ya kamba kweli. Naelewa kwamba tamasha lenye wadhamini watano na matangazo ya moja kwa moja haliwezi kumwachia mtu kamba usiku kucha. Lakini bendi ile ile inayoimba mbele ya wadhamini hao imeruhusiwa kukosea noti, mpiga gitaa ameruhusiwa kukata uzi kwa bahati mbaya, na umeme wenyewe umeruhusiwa kukatika. Kwa nini picha peke yake ndiyo idaiwe ukamilifu?

Ndoto ya kuifanya picha kuwa ala ni ya zamani. Padri Mjesuiti wa Ufaransa, Louis-Bertrand Castel, alitangaza mwaka 1725 wazo la kinanda ambacho kila kitufe kingetoa rangi. Mwaka 1922, New York, Thomas Wilfred aliketi mbele ya watu na mtambo aliouita Clavilux, akipiga mwanga bila sauti yoyote. Mwaka 1970 Nam June Paik, Mkorea aliyezivuruga televisheni mpaka zikawa sanaa, aliuendesha mtambo aliouunda pamoja na Mjapani Shuya Abe kwenye kituo cha WGBH cha Boston, akirusha hewani kwa saa nne picha zilizokuwa zikipindwa na kupakwa rangi papo kwa papo. Wapita njia walikaribishwa ndani nao waushike. Hilo la wapita njia ndilo linalonigusa. Mtambo wa gharama, wa kwanza wa aina yake, na mtu wa barabarani anaambiwa haya, shika hapa, zungusha uone.

Lakini huhitaji kwenda Boston. Yeyote aliyekulia mjini kwetu miaka ya 1990 anakifahamu kibanda umiza: mabati au mabanzi, mabenchi yasiyo na mgongo, televisheni juu ya meza, deki ya kaseti, spika mbili zilizochoka, na pembeni mtu mwenye maikrofoni na kamiksa kadogo ka sauti. Filamu imetoka Hong Kong, Mumbai au Hollywood. Mkono mmoja wa mtu yule hauachi kitufe cha kutelezesha. Mwigizaji akifungua kinywa, mkono unaishusha sauti ya filamu na yeye anaingia kwa Kiswahili. Ngumi zikianza, anaipandisha ili mifupa isikike ikivunjika, halafu anaishusha tena kabla ya neno linalofuata. Anawapa wahusika majina ya mtaani. Anamwonya stelingi kuhusu adui aliyejificha, anamkemea mtoto anayeziba watu, anamweleza aliyechelewa kuingia mambo yalivyokuwa, na vyote hivyo ndani ya nafasi ile ile ambayo midomo ya Mchina inaendelea kucheza. Akikosea muda, ukumbi unamzomea. Filamu ile ile jioni na usiku haiwi moja, maana watu wa jioni ni wengine.

Uganda kazi hiyo imewapa wafasiri kama VJ Jingo umaarufu wa kitaifa, na filamu ya Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, iliyotengenezwa na Nabwana Isaac katika mtaa wa Wakaliga mjini Kampala, imezunguka dunia ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, akiipigia debe kila risasi. Kenya ina DJ Afro. Tanzania tulimpata Kapteni Derek Gasper Mukandala, ambaye wengi walimjua kwa jina la Lufufu, na watu walichagua filamu kwa sauti yake kabla ya kuuliza nani anacheza. Wale waliokuwa wakienda vibandani hawakuwa watazamaji wa kubebwa. Walijua mfasiri gani anawahi, nani anachelewa, nani anajaza maneno pale panapotakiwa ukimya. Hiyo ni elimu kamili ya kuhukumu sanaa ya papo kwa papo, na iliwafikia watu wengi kuliko chuo chochote cha sanaa nchini.

Kisha sanaa hiyo ikarekodiwa. Tafsiri zikauzwa kwenye kaseti, baadaye kwenye diski, leo ziko kwenye simu. Sina ugomvi na waliofanya hivyo, kwani ndivyo walivyopata riziki na ndivyo kazi yao ilivyofika vijijini. Ila ule mkono kwenye kitufe ulitoweka machoni. Kilichobaki ni sauti iliyokwisha kuamua kila kitu, isiyoweza kumkemea mtoto wala kumngoja aliyechelewa.

Kwa upande wa muziki, mkono huo haukutoweka, umeongeza mwendo. Singeli ya Dar es Salaam ni muziki wa laptopu na maikrofoni. DJ anachukua kipande kifupi, anakizungusha, anakipandisha kasi mpaka mapigo yanapita 200 kwa dakika, anakikata ghafla, anakirudisha, huku MC akirusha maneno juu yake na kuchukua majina ya waliopo. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, na vijana wa Uswahilini wakaanza kuitwa kwenye majukwaa ya Ulaya. Wanachofanya mbele ya watu ni kile kile ambacho TOPLAP ilikidai: uamuzi unafanywa hapo, unasikika hapo, na MC anaujibu hapo.

Sasa waza picha ya kwenda na muziki huo. Kwenye mapigo 240 kwa dakika, pigo moja lina robo sekunde, picha 15 tu za projekta. Jibu la kwanza linalomjia kila mtu ni kumulika kila pigo, na jibu hilo ni la hatari: hiyo ni mimweko minne kwa sekunde, wakati miongozo ya usalama wa picha inaonya dhidi ya kupita mitatu, kwa ajili ya watu ambao kifafa chao huchochewa na mwanga. Singeli inamlazimisha mtu wa picha kufikiri upya. Haiwezekani kulifuata pigo. Inabidi kutafuta mwendo mpana ulio ndani yake, mzunguko wa mapigo nane au kumi na sita, au kuuacha muziki kabisa na kumfuata MC. Hakuna programu kutoka Ulaya au Amerika iliyokuja na jibu la hilo tayari. Anayestahili kulipata ni mtu aliyecheza vigodoro na anayejua mwili unachoka wapi na unapata nguvu wapi.

Nawapenda watu wa algorave, lakini kazi zao nyingi zina upungufu ambao sitauficha. Picha zao zinafanana. Ukitumia amri zile zile utapata nyota zile zile zinazoyeyuka, na mwisho wa usiku hukumbuki nani alikuwa nani. Wameuonyesha mkono kwa uaminifu mkubwa, ila mkono huo mara nyingi hauna la kusema. Mfasiri wa kibandani alikuwa kinyume chake: vifaa vyake vilikuwa hafifu, kitufe kimoja na maikrofoni, lakini alijaa maneno, majina, matusi ya heshima, habari za mtaa. Kinachonishika roho ni uwezekano wa kuviunganisha hivyo viwili. Kamera ndogo iwaelekee watu wenyewe, picha zao ziingie kwenye Hydra moja kwa moja, kwani programu hiyo inapokea kamera kwa mstari mmoja wa maandishi. Mtu wa picha azikate na kuzigeuza kwa kasi ya MC. MC amwone aliye kwenye skrini, amtaje jina. Aliyetajwa aruke, na mruko wake uwe ndiyo picha inayofuata. Hapo skrini ingekuwa na masikio na macho, na lugha ingekuwa yetu.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya wenye pesa. Ukuta wa LED ndio wa wenye pesa. Hydra ni bure na inakwenda kwenye laptopu ya kawaida. Pure Data, aliyoianzisha Miller Puckette mwaka 1996, ni bure. SuperCollider ya James McCartney, ya mwaka huo huo, ni bure. Sonic Pi ya Sam Aaron, iliyoanzia Cambridge mwaka 2012, ilitengenezwa kwa ajili ya watoto wa shule na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. TouchDesigner ya Toronto, inayotumiwa kwenye maonyesho makubwa duniani, ina toleo la bure kwa asiyefanya biashara, ingawa ukubwa wa picha umewekewa mpaka. Na kwa anayedhani mashine ya zamani haifai, Robert Henke wa Berlin, mmoja wa walioianzisha Ableton Live, aliunda onyesho zima la sauti na picha kwa kompyuta tano za Commodore CBM 8032 za mwanzoni mwa miaka ya 1980, kila moja ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32 na skrini ya kijani. Simu iliyo mfukoni mwa bodaboda inaishinda mashine hiyo mara nyingi mno.

Vikwazo vya kweli ni vingine. Umeme usiotabirika ni kimoja, na jenereta ya tamasha mara nyingi hupangiwa watu wa sauti na taa kwanza. Kingine ni projekta, ambayo bei yake inamshinda kijana anayejifunza. Lakini kinachoua kazi hii kabla haijazaliwa ni jinsi waandaaji wanavyomwona mtu wa picha. Anaitwa mwisho, anapewa nembo za wadhamini kwenye kidiski, anaketishwa nyuma ya pazia asikoweza kumwona mwimbaji, hapewi sauti ya bendi kwenye waya wala dakika moja ya mazoezi, na jina lake halimo kwenye bango. Katika mazingira hayo hata Nam June Paik angebonyeza kitufe cha kuanzia na kuketi.

Kwa hiyo ninachokiomba kwa waandaaji hakihitaji bajeti mpya. Wampe mtu wa picha waya mmoja wa sauti kutoka kwenye meza ya mitambo. Wamwite kwenye mazoezi siku ile ile bendi inapoitwa, akae nao, ajue mwimbaji ana tabia ya kurudia kiitikio kipi. Nembo za wadhamini ziwekwe pembeni mwa jukwaa kwa muda wote, ili ukuta wa kati ubaki mikononi mwake. Na meza yake iwekwe jukwaani, kushoto kwa mpiga ngoma, mahali ambapo watu wataona vidole vyake vikifanya kazi na mwimbaji anaweza kugeuka akamwashiria ashushe.